Tusiupime uanamke kwa utungu

Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu hii nijibu barua ya msomaji mmoja iliyochapishwa wiki chache zilizopita. Ndugu huyo, aliyejitambulisha kuwa Mkristo na mzazi, alisikitika kwamba wanawake wa siku hizi wamekuwa waoga wa uchungu, kwamba hospitali zimewazoeza kukimbilia kisu, na kwamba mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji "hajaonja uzazi". Sina ugomvi naye binafsi. Maneno hayo nimeyasikia matangani, katika mikesha ya maombi na hata kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito, yakisemwa na wanawake wenzangu, tena kwa upole kabisa, na kwa sababu yanasemwa kwa upole watu huyameza bila kuyatafuna. Naona yafaa yajibiwe hadharani na mtu anayesoma Biblia ile ile.

Mimi ni mkazi wa Tororo, mwanachama wa Umoja wa Akina Mama katika parishi yetu ya Kanisa la Uganda, na mama wa watoto watatu. Wawili nilijifungua kwa njia ya kawaida na wa mwisho kwa upasuaji.

Nianze na Maandiko, kwa kuwa ndiko mwandishi alikosimama. Aya inayotajwa sana ni Mwanzo 3:16, "kwa utungu utazaa watoto." Wanaoitaja huishia hapo, wasiendelee mpaka aya zinazofuata, ambako mwanamume naye anaambiwa kwamba ardhi imelaaniwa kwa ajili yake, kwamba itamzalia michongoma na miiba, na kwamba atakula chakula kwa jasho la uso wake. Sasa hapa kwetu, na kwa majirani zetu wa Teso, wanaume wanalima kwa plau ya ng'ombe, wenye uwezo wanakodi trekta, na wengi siku hizi wananyunyizia magugu dawa; sijamsikia mhubiri hata mmoja akimshutumu mkulima kwa kuikwepa hukumu ya miiba. Anayempunguzia mwanamume jasho huitwa mwenye akili, lakini mkunga akimpunguzia mwanamke utungu tunaanza kuuliza kama mwanamke huyo ana imani. Ninavyolielewa mimi fungu hilo, linatueleza jinsi dunia ilivyoharibika, wala halituamuru tuiache hivyo hivyo.

Kuna na lile la wanawake wa Kiebrania. Mjamzito yeyote aliyewahi kupita katika maombi ya walokole wa nchi hii ameombewa "ajifungue kama wanawake wa Kiebrania", na mimi niliombewa hivyo katika mimba zangu zote, nikasema amina, na ningesema amina hata leo, maana kumtakia mwenzako uzazi mwepesi ni jambo jema. Lakini tuyarudishe maneno hayo yalikotoka. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Kutoka, Farao aliwaagiza wakunga wawili, Shifra na Pua, wawaue watoto wote wa kiume wa Waebrania. Hawakutii, na walipoitwa kujieleza wakasema kwamba wanawake wa Kiebrania ni hodari, nao huzaa kabla mzalisha hajafika. Sentensi tuliyoigeuza kuwa ahadi kwa kila mjamzito ilikuwa utetezi wa wakunga wawili mbele ya mfalme aliyetaka damu. Iwapo walisema kweli tupu au walimzunguka Farao kwa werevu, hilo wataalamu wa Biblia wataendelea kubishana. Lisilobishaniwa ni kwamba sura hiyo inasema Mungu aliwatendea mema wale wazalisha, kwa kuwa walimcha. Inanishangaza, basi, kwamba habari inayomheshimu mkunga waziwazi namna hiyo ndiyo tunayoitumia kuwafundisha mabinti zetu kwamba mwanamke wa imani hana haja ya mkunga.

Na yule anayedhani kwamba uzazi mgumu ni dalili ya dhambi iliyofichwa asome Mwanzo 35. Raheli alishikwa na utungu njiani, kukiwa bado kuna mwendo kabla ya kufika Efrathi. Mzalisha alikuwapo na alimtia moyo asiogope. Mtoto akatoka salama, mama akafa, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Maandiko hayamlaumu Raheli popote kwa kifo kile, wala hayamsifu kwa kuvumilia. Yanamzika kwa heshima tu. Sisi wa vijijini habari hiyo tunaielewa upesi, maana nasi tumewazika akina mama waliokata roho juu ya boda boda, kabla ya taa za hospitali kuonekana.

Mwandishi aliuita upasuaji "mambo ya Wazungu". Hapo historia ya nchi yetu wenyewe inamkatalia. Mwaka 1879, Mwingereza kijana aliyeitwa Robert Felkin, aliyetumwa na Church Missionary Society, yaani chama kile kile cha misheni kilichotuletea kanisa letu, alipita Bunyoro, na mahali panapoitwa Kahura akashuhudia waganga wa huko wakimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Walimnywesha pombe ya ndizi ili asisikie sana maumivu, wakaitumia pombe hiyo hiyo kunawa mikono na kumsafisha tumbo, wakazuia damu kwa chuma cha moto, wakafunga kidonda kwa pini za chuma, kisha wakakipaka dawa ya mizizi iliyopondwa. Mtoto aliishi na mama akapona, wakati ambapo hata Ulaya akina mama wengi waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo walikufa. Felkin aliyaandika hayo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Hizo zilikuwa mila za Wanyoro, na wale waganga hawakuwa wamesomea hospitali yoyote. Walimwona mama akifa na mtoto tumboni, wakatafuta njia.

Wamisionari waliofuata nao hawakuja kutufundisha kwamba utungu unatakasa. Albert Cook alipoanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, muuguzi aliyefika naye katika msafara huo, Katharine Timpson, ambaye baadaye akawa mke wake, ndiye aliyekuja kuanzisha shule ya wakunga baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ili wasichana wa nchi hii wafundishwe kuwazalisha mama na dada zao. Kwa upande wa Wakatoliki, Mother Kevin na masista wenzake Wafransisko walifika Nsambya mwaka 1903, wakaanza kutibu watu wakiwa hawana hata jengo la maana. Kwa hiyo anayesema wodi ya wazazi ni kinyume cha imani ajue kwamba katika nchi hii imani ndiyo iliyozijenga zile za kwanza.

Sasa niseme kidogo juu ya hicho kisu kinachodhaniwa kuwa njia ya mkato. Katika mimba yangu ya mwisho mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mkunga wa kituo chetu cha afya aligundua kwa kunipapasa kwa mikono yake miwili tu, akaniambia bila kuzungusha maneno kwamba niende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na mama mkwe wangu, ambaye ni mwanamaombi kuliko wengi ninaowajua, ndiye aliyetangulia kumwita mwenye pikipiki. Mtoto aliyekingama hatoki kwa kusukuma, hata mama awe na imani ya kuhamisha milima. Nilijifungua salama, nikarudi nyumbani, na wageni wakaanza kuja kunipongeza kwa sauti za msiba. "Pole sana, mama. Kwani maombi yalilegea wapi?" Mwingine alinifariji kwamba Mungu akipenda, safari ijayo nitazaa "mwenyewe", kana kwamba huyu alizaliwa na jirani. Wakati huo nilikuwa sijaweza kukohoa wala kucheka bila kushika kidonda, kuinuka kitandani kulitaka mtu wa kunivuta mkono, na kila mtoto alipovuta titi tumbo la uzazi lilijikaza hata machozi yakanitoka. Anayetaka kutuhesabia utungu, basi, na huo auweke katika hesabu yake.

Nakubali jambo moja ambalo huenda ndilo lililomchokoza mwandishi. Zipo hospitali za kulipia ambako mama hupelekwa chumba cha upasuaji upesi mno, na mwenye akili hakosi kujiuliza kama aliyeamua ni daktari au ni mhasibu. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu mwaka 1985 kwamba, tukitazama jamii nzima, hakuna sababu ya upasuaji kuzidi uzazi 10 hadi 15 katika kila 100. Hiyo ni hoja halali, nami nitaiunga mkono yeye akiiandikia barua yake. Lakini ni hoja ya kumbana mwenye hospitali. Anayeibebesha mwanamke aliyelala kitandani akisaini karatasi kwa mkono unaotetemeka amekosea mlango.

Kama kweli utungu ndio unaompa mwanamke heshima ya uzazi, wapo wanawake katika nchi hii ambao tungewapa viti vya mbele kila Jumapili. Nawasema wenye fistula. Mama anapokaa katika uchungu siku nzima na usiku, mara nyingine siku mbili na zaidi, huku kichwa cha mtoto kimekwama, nyama laini iliyo kati ya kibofu na uke hubanwa mpaka damu isipite, nayo ikafa. Baada ya siku chache panafunguka tundu, na mkojo unaanza kutoka wenyewe, mchana na usiku. Mara nyingi mtoto huyo amekwisha kufa. Hakuna mwanamke aliyeuonja uzazi kuliko hawa, na tumewafanya nini? Tumewakalia mbali kwenye benchi la kanisa, tumesema wamelogwa, na waume zao wengi wamewarudisha kwao. Ashukuriwe Mungu kwamba wengi wao hutibika. Hospitali ya Kitovu kule Masaka imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na karibu na kwetu ipo hospitali ya Terrewode ya Soroti, iliyofunguliwa mwaka 2019 hasa kwa ajili yao. Ila kinga yake inajulikana, nayo ni kumwahisha mama mahali anapoweza kupasuliwa kabla nyama hiyo haijafa. Kila anapoambiwa "vumilia kidogo, omba, ndivyo tulivyoandikiwa", tundu hilo linakaribia, na anayeyasema hayo, nisamehewe kwa ukali wangu, hatakuwapo siku ya kufua zile nguo.

Uvumilivu huo una gharama inayohesabika. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai tulipoteza akina mama 336. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 189. Tumepiga hatua kubwa, na sehemu kubwa ya sifa namwachia mkunga wa kituo cha afya anayefanya kazi kwa tochi ya simu umeme unapokatika. Wanaosomea mambo haya husema mama huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: wa nyumbani katika kuamua, wa njiani, na wa kusubiri huduma baada ya kufika. Huo wa tatu ni deni la serikali, na Mahakama ya Katiba ililisema hilo mwezi Agosti 2020, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011 kufuatia vifo vya akina mama wawili katika hospitali za umma, ilipoamua kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Barabara nazo tuwadai wabunge. Ule wa kwanza lakini uko ndani ya nyumba zetu, nao unalishwa na mafundisho kama ya barua ile. Mume anasubiri, shangazi anasubiri, mganga analeta majani ya kuharakisha uchungu, ambayo yanaweza kulikaza tumbo la uzazi hadi likapasuka, na mama mwenyewe ananyamaza asije akaitwa mwoga.

Ndugu mhariri, jambo hili haliishii kwenye chumba cha kujifungulia. Kanuni inayosema mwanamke huthibitishwa na utungu ina mwisho wake wa kimantiki, nao ni kwamba asiyezaa kabisa si mwanamke kamili. Katika Jumapili ya akina mama ya mwezi Mei, makanisa mengi huwaomba akina mama wote wasimame, wapigiwe makofi na kupewa maua. Wanaobaki wamekaa huonekana na kanisa zima. Kati yao yupo aliyeharibikiwa na mimba zaidi ya mara moja na hajamwambia mtu ila mumewe, na yupo aliyemzika mtoto wa siku tatu na hajui kama anahesabiwa. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mwanamke aliyeitwa Hana, aliyekuwa hajazaa, alilia hekaluni mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa, na sidhani kama mahekalu yetu yameendelea sana tangu hapo katika kuyatambua machozi ya namna hiyo. Mumewe Elkana alimuuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Akina mama wenzangu hulicheka swali hilo, wakisema ni swali la mwanamume, nami nakiri kwamba ni faraja iliyokosa shabaha. Hata hivyo, ni wanaume wangapi wa koo zetu wangethubutu kulisema mbele ya mama zao?

Kristo mwenyewe aliulizwa jambo hili, ingawa si kwa njia ya swali. Luka 11 inasimulia kwamba mwanamke mmoja katika mkutano alipaza sauti akilibariki tumbo lililomzaa na matiti aliyonyonya. Yesu akamjibu, "Afadhali, heri walisikiao neno la Mungu na kulishika." Hakumdharau mama yake kwa jibu lile, kwa maana Mariamu alikuwa amelisikia neno na kulishika kabla hajashika mimba. Alichokikataa ni kumpima mwanamke kwa tumbo lake. Naipenda mimba, na sijui furaha ya mwili inayopita ile ya kumsikia mtoto akicheza tumboni mara ya kwanza. Nikisoma Zaburi ya 139, inayosema Mungu alituunga tumboni mwa mama zetu, naona naelezwa kazi niliyoibeba kwa miezi tisa bila kuielewa. Lakini nilikuwa binti wa Mungu kabla ya kazi hiyo, na dada yangu asiyezaa ni binti wa Mungu vile vile bila hiyo.

Basi badala ya kupima utungu wa watu, kanisa lina kazi ya kufanya. Isaya 40:11 inasema juu ya Mchungaji kwamba "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Sioni polepole hiyo katika parishi ambayo ina kamati ya harusi, kamati ya mazishi na kamati ya ujenzi, na haina hata mtu mmoja anayejua ni nani anakaribia kujifungua mwezi huu. Katika mafundisho ya ndoa, vijana wanafundishwa kutii na kupendana; wafundishwe pia dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, miguu na uso kuvimba, maji kupasuka bila uchungu, mtoto kuacha kucheza. Mwanamume afundishwe kuweka akiba ya nauli na ya vifaa vya kujifungulia tangu mimba ikiwa changa, aijue namba ya mwenye gari wa kijijini, na asiifanye safari ya hospitali kuwa shauri la ukoo mzima saa nane za usiku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa baba siku nne za kazi za mapumziko mkewe anapojifungua. Ni chache, lakini wengi hawazichukui hata hizo, na mchungaji angeweza kuwauliza kwa nini.

Umoja wetu wa Akina Mama nao utazame orodha ya watu unaowatembelea. Tunaenda na sukari na sabuni kwa mama aliyejifungua, jambo jema, lakini hatuendi kwa aliyeharibikiwa na mimba, kwa sababu hatujui la kusema. Si lazima tuseme neno. Elisabeti hakuandikiwa mahubiri marefu. Alimpokea Mariamu nyumbani mwake, akambariki, akakaa naye kama miezi mitatu, mwanamke mzee na msichana, wote wawili na mimba ambazo majirani hawakuzielewa.

Mwisho nina pendekezo kwa maaskofu na wachungaji wa makanisa yote. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni moja ya sababu kuu za vifo vya uzazi, na mama anayevuja damu hakai muda mrefu akisubiri chupa ya damu itafutwe. Umoja wa Akina Mama huadhimisha tarehe 25 Machi, siku ya kupashwa habari Mariamu. Mwaka ujao, baada ya ibada ya siku hiyo, waalikwe wahudumu wa benki ya damu, ambao kwa upande wetu wa mashariki wako Mbale, na wanaume wa parishi ndio watangulie kunyosha mkono. Ndugu yetu aliyeandika barua ile namkaribisha Tororo siku hiyo, tutamwandalia chai.

Wako katika Kristo,

Mama wa watoto watatu,
Tororo, Uganda